Dada, Deni la Maziwa Nidai Mimi

Kwa dada yangu mpenzi Zaituni, huko Bukoba,

Assalaam alaykum. Salamu zangu naziomba zikukute umeketi, si umelala, na aliye karibu nawe akusomee polepole. Mgongo wako vipi? Bado unaamka nao asubuhi kama mzigo wa mtu mwingine? Na macho, yanakuruhusu kutia uzi kwenye sindano? Mimi mdogo wako nipo, alhamdulillahi. Presha inanisumbua na duka limebaki kuta, lakini pumzi inaingia na kutoka. Siwezi tena kusali nimesimama muda mrefu. Nikichoka naketi, na Mola anapokea.

Barua hii sikuifunga. Usidhani nimekosa gundi. Posta haifanyi kazi, kwa hiyo inakuja kwa mikono ya madereva, kutoka hapa Nateete mpaka Masaka, na kutoka Masaka mpaka Mutukula, na kila atakayeishika nimempa ruhusa aisome. Maneno yako uliyasema mbele za watu, dada. Na mimi ya kwangu nayasema mbele za watu. Ikifika, naomba isomwe pale barazani kwako, wakiwepo wale waliokusikia.

Kwanza pole ya Rukia. Pole gani nikupe mimi, mama wa rubani? Lakini Rukia alikuwa mwanangu pia, wewe unajua. Nimemsuka nywele, nimemkanda tumbo, nimemchapa siku aliyovunja birika langu la kaure na kusema limejivunja lenyewe. Habari zake nimezipata juzi tu, tena mahali pa kuzipata palikuwa msikitini, katikati ya watu. Nitakueleza.

Niache nianze mbali kidogo. Wewe huhitaji kukumbushwa, maana ungekuwa umesahau usingesema ulivyosema. Lakini watakaosoma barua hii hawakuwapo.

Nilimzaa Twaha kule Nsambya, hospitali ya masista, na homa ikanishika siku ileile. Mwili ukawaka, maziwa yakakataa kushuka. Walijaribu ya kopo, mtoto akayatapika yote, akabaki analia kwa sauti ya paka aliyefungiwa. Marehemu mume wangu akakupelekea telegramu Bukoba. Hukujibu telegramu. Jibu ulikuwa wewe mwenyewe. Ulipanda meli, ukashuka Port Bell na Rukia mgongoni, kichanga naye, ukaja moja kwa moja mpaka wodini na jasho la safari. Sista mmoja mrefu akakuzuia mlangoni.

"Saa za kuona wagonjwa zimekwisha, mama."

"Sikuja kuona mgonjwa," ukamwambia. "Nimekuja kunyonyesha. Kama na hiyo ina saa zake, mwambie mtoto."

Sista akacheka, akakupisha. Ukaketi ukingoni mwa kitanda changu, ukampa Twaha titi la kulia na Rukia la kushoto, ukasema, "Kila mtu na kibuyu chake. Nisimwone mtu akigusa cha mwenziwe." Mimi nimelala pale, hata nguvu ya kuinua mkono sina, nikasikia mwanangu akimeza. Dada, mpaka leo sijasikia sauti tamu kama ile, hata adhana ya kufuturu, Mungu anisamehe.

Ukaondoka naye, maana mimi nilichukua muda mrefu kuwa mtu tena. Uliponirudishia alikuwa anatembea. Alinitazama, akajificha ndani ya kanga yako, na kwa miezi mingi akaniita Mama Mdogo. Mimi niliyemzaa! Wewe ulicheka mpaka ukakaa chini. "Mwache," ukasema, "njaa ikimshika atakujua ni nani."

Alinijua. Lakini wewe hakukuacha. Shule zikifungwa tu, ameshafunga kifurushi chake, anauliza meli ya Bukoba inaondoka lini. Alirudi kwangu amenenepa, ananuka senene wa kukaanga, anaringa kwa maneno ya Kihaya ambayo hakuna wa kumjibu. Ni yeye na shemeji waliopiga mabati mapya juu ya nyumba yako, unakumbuka? Ulisimama chini na ngazi mkononi ukiwatukana wote wawili: "Anayeanguka huko ajizike mwenyewe, mimi nina nguo za kufua!" Rukia akawa anawarushia misumari, mingine akiwalenga makusudi.

Na ile siku wifi yangu Mariamu alipokuja na halua kwenye sinia, amejifunga vizuri, amejitia manukato, kumposea Twaha mke. Mke mwenyewe nani? Rukia. Binamu kwa binamu, akasema, mali isitoke nje. Wewe ulishika kichwa.

"We Mariamu, unataka Mungu atushushie moto? Hawa wamekunywa chungu kimoja! Ni kaka na dada hawa!"

"Hakuna aliyeniambia," akasema Mariamu, na aibu imemjaa.

Rukia naye kutoka jikoni: "Hata kama si kaka yangu, niolewe na huyu? Anakoroma kama meli!"

Halua tuliila hivyohivyo. Twaha alikula kuliko wote.

Alikuwa anamaliza shule maofisa walipokuja kutafuta vijana wa kwenda kusomea urubani. Walitaka wenye macho mazuri na hesabu nzuri, na kama unasema Kiswahili kilichonyooka, wakati ule jeshini ulikuwa umeshafika nusu ya njia. Baba yake aliuza chumvi na mafuta ya taa maisha yake yote, katika duka la upana wa mlango. Alichinja mbuzi. "Mwanangu hatapima chumvi," alisema, na kila aliyeingia dukani alilazimika kulisikia hilo kabla ya kuhudumiwa. Mimi nilimuuliza Twaha, "Sasa ndege hiyo itabeba abiria gani?" Akatazama pembeni. "Ya jeshi haibebi abiria, Mama."

Wakampeleka Urusi. Alirudi amepanuka mabega, anavuta sigara akinificha, na zawadi mbili amezikunja vizuri: mimi kofia ya manyoya, wewe shali ya sufu yenye maua mekundu. Nilipokuletea ukasema, "Bukoba na joto hili? Huyu mtoto ananitaka nife?" Lakini niliambiwa hukukosa kuivaa katika harusi hata moja.

Siku moja alipita juu ya Nateete na lile lindege lake, chini kabisa, mpaka vikombe vikagongana kabatini. Sikujua nicheke au nilie. Jirani yangu Nalongo, yule Mganda aliyezaa mapacha, alitoka nje na kitenge mkononi. "Mama Twaha! Sema na mutoto yako! Kuku zangu nataga mayai kwa balabala!" Jioni Twaha alipokuja akamwendea kuomba radhi, akamwahidi kumlipa mayai. "Mayai nataga mwenyewe," Nalongo akamjibu. "Lete sukali."

Ndiyo, sukari. Miaka ile sukari ilikuwa ya mwenye ndugu jeshini. Twaha alileta, na mimi nilimpimia kila jirani katika kikombe, maana haimezeki ukiila peke yako. Lakini watu walianza kushusha sauti nikipita. Sikuwalaumu. Serikali ile ilikuwa inachukua watu mchana kweupe, inawatia ndani ya buti la gari, na hawaonekani tena. Mama wa rubani alikuwa mama wa serikali. Wangejuaje kwamba na mimi nilikuwa naogopa? Rubani mwenzake Twaha alisema neno dogo mezani wakila, neno la utani tu, na asubuhi kitanda chake kilikuwa kitupu na viatu vyake viko palepale chini. Hakuna aliyethubutu kuviondoa. Twaha alinisimulia hilo akinawa mikono uani, na aliendelea kunawa mpaka maji ya birika yakaisha.

Tangu hapo akawa mtu wa kimya. Yule mwenye kelele uliyemlea wewe, aliyekuwa anaimba juu ya mabati, akawa anakuja, anasali, anakula, anaondoka.

Kisha vita. Redio ilipiga muziki wa bendi na kusema tumechukua nchi mpaka mto Kagera. Mimi mto Kagera nilikuwa naujua kama mahali pa kuvukia nikija kwako. Nilikaa mbele ya redio ile nikajiuliza, tumeuchukua kutoka kwa nani? Kwa dada yangu?

Twaha alikuja Ijumaa moja baada ya sala. Nikamwekea chai ya maziwa na chapati. Akakisukuma kikombe.

"Mama, nipe ya rangi."

"Tumbo linauma?"

"Haliumi. Nipe ya rangi tu."

Nikampa. Nikamuuliza alikuwa wapi siku zote hizo.

"Juu ya ziwa."

"Ziwa hili letu?"

"Kwani lipo jingine?"

Nami, dada, ujinga wa mama, nikauliza kama mtu anayemuuliza dereva wa basi kama alipita Masaka: "Basi ulipita juu ya kwa Mama Mkubwa?"

Akasema, "Kutoka kule juu watu hawaonekani, Mama. Yanaonekana mabati."

"Na ya Mama Mkubwa?"

"Yanaonekana."

Chapati hakuigusa. Akaniambia kwamba katika ndege ile hayuko peke yake. Mbele kabisa, kwenye pua ya kioo, kuna mwenzake anayetazama chini, na huyo ndiye anayeyaachia mabomu. Nyuma kuna mwingine na bunduki. "Mimi ni dereva tu," akasema. Na alinitazama usoni vile alivyokuwa akinitazama utotoni, akitaka nimwambie homa imeshuka. Sikuweza kumwambia. Nilimwambia, "Kwa nini usikatae?"

"Nikikataa watakuja hapa," akasema. "Hawatakuja kwangu, Mama. Watakuja hapa." Na akaugusa mkeka niliokalia.

Sikuletei maneno hayo yawe utetezi. Dereva wa basi lililoua watu naye huulizwa. Nakuletea kwa kuwa ndiyo aliyoyasema, na wewe ni mama yake, una haki ya kuyasikia. Na tangu siku ile, kila alipokuja, alikunywa ya rangi. Nilidhani ni mazoea ya kambini. Wallahi nimeelewa juzi tu. Nadhani alijidai mwenyewe deni la maziwa yako kabla hujamdai.

Habari aliileta fundi mmoja wa ndege wa Entebbe, Mganda, Mkatoliki, jina lake Kizito, aliyekuwa akimpenda Twaha sana. Alikuja kwa baiskeli. Hakutaka kuingia. Alisimama mlangoni ameshika usukani kwa mikono yote miwili.

"Mama, ile ndege haikuludi."

"Itarudi kesho," nikamwambia.

"Mama," akasema, na machozi yanamtoka, "mafuta yake siyo ya kufika kesho."

Alisema walipigwa kutoka chini, upande wenu wa mto. Wenzao waliokuwa mbele waliona moto. Basi. Alipanda baiskeli akaenda zake haraka, maana hata kuniambia ilikuwa kosa.

Baada ya siku chache wakaja wawili wenye miwani myeusi, wameleta mfuko wa sukari. "Mwanao yuko kazini," wakasema. "Hakuna kulia hapa." Maana kumlilia rubani kulikuwa ni kusema tunashindwa vita. Sikuweka turubai uani, sikuketi chini na wanawake, hakuna aliyenishika mkono na kuniambia pole. Nilifungua duka kama kawaida, nikapima chumvi. Nilikuwa nalia ndani ya sijda, kwa kuwa huko uso umefichika. Sijda zangu zikawa ndefu. Watu wakasema, Mama Twaha siku hizi amezidi ucha Mungu! Na ule mfuko wa sukari ulikaa mpaka ukaingia sisimizi. Nikawaachia wao.

Serikali ikaanguka. Niliwaona askari wenu wakipita barabara ya Masaka kwa miguu, vijana wembamba, wamechoka, wakitusalimia kwa Kiswahili kile cha kwetu, "Shikamoo, mama." Ndio waliomuua mwanangu, nao wananiamkia. Niliitikia. Ningefanyaje? Nilisema marahaba, nikawapa maji.

Siku ileile watu wa mtaani walivunja duka. Wakasema ni la mama wa rubani, lilijengwa kwa damu. Lilijengwa kwa chumvi, dada, unajua, lakini hasira haisikilizi. Nalongo ndiye aliyenificha kwake, akasimama mlangoni na mwiko wa ugali. "Huyu ni dada yangu! Nani nataka kugusa dada ya Nalongo?" Hakuna aliyetaka.

Mambo yalipotulia nilikwenda kwa imamu wetu, nikamwomba amsalie mwanangu sala ya ghaibu, sala ya maiti asiyekuwapo. Alikuwa mzito wa kukubali.

"Mama Twaha, wako watakaotoka."

"Watoke," nikasema. "Watakaobaki wanatosha."

Ikawa Ijumaa. Sisi wanawake tuko nyuma ya pazia. Nikasikia kandambili za waliotoka, na walikuwa wengi, sikufichi. Kisha imamu akauliza lile swali linaloulizwa kila msiba wa Mwislamu, kwako na kwangu: "Enyi mliohudhuria, kama yupo anayemdai marehemu, au aliyekosewa naye, aseme, ili jamaa zake walipe au yeye amsamehe, tusimpeleke mwenzetu na haki ya mtu shingoni."

Fundi cherehani akasimama. "Alinishonesha suruali, hakuja kuichukua. Nimemsamehe suruali, na nimemsamehe ile tabia yake ya kuja kila siku kuuliza kama iko tayari." Watu wakacheka kidogo. Nikacheka na mimi nyuma ya pazia, nikamwona Twaha kabisa.

Ndipo akasimama Mzee Sadiki wa kahawa, yule unayemjua, alikuwa ametoka kwenu wiki hiyohiyo. Akasema, "Imamu, mimi simdai. Lakini nimebeba amana, na nisipoitoa hapa nitaulizwa. Yupo anayemdai marehemu. Yuko Bukoba. Ni mama yake wa kunyonya, na anamdai maziwa."

Akaeleza. Kwamba mabomu yaliangushwa, na Rukia alikuwa anatoka sokoni. Kwamba jeneza lake lilipokuwa linatoka mlangoni, ulisimama katikati ya watu ukasema: "Wa titi la kulia amemuua wa titi la kushoto. Maziwa yangu nayadai, hapa na mbele ya Mungu."

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba Rukia amekufa.

Sikumlilia Twaha saa ile. Nilimlilia yule mtoto wa misumari, na nilikulilia wewe, nikiwaza umekaa na nani, nani anakushika mgongo. Nilikusadiki kila neno. Nami ningesema hivyohivyo.

Lakini mimi ni mama yake, na yeye alikuwa amesimamishwa pale, roho yake, anasubiri kusaliwa. Mwanamke hapazi sauti msikitini, najua. Nilipaza. Nilisema, "Deni hilo nimelichukua mimi! Msalieni!" Maana si tumefundishwa tangu chuo cha Kurani kwamba maiti mwenye deni akipata mdhamini huwekwa huru?

Imamu akaja karibu na pazia. Sauti yake ilikuwa ya huruma. "Mama Twaha, sala tutamsalia, hiyo ni haki yake. Lakini deni halihami mpaka mwenye kudai akubali kudai kwako. Haki ya Mungu, Mungu husamehe. Haki ya mja iko kwa mja. Mwandikie dada yako."

Wakamsalia. Hitima nimekataa isisomwe bado. Nitawapaje watu wali wamwombee, na mama yake hajamwachia?

Sasa, dada, nasema lililonileta.

Sisemi Twaha hakukosa. Lile bomu silijui lilitoka katika ndege ipi. Zilikwenda nyingi, na ningeweza kujificha ndani ya neno hilo "nyingi". Sitaki. Huenda lilikuwa lake. Nalala na neno hilo na kuamka nalo, na sikuombi useme kwamba si kosa. Rukia asingeniruhusu, na mimi mwenyewe nisingekuwa na uso wa kukutazama.

Ninachoomba ni kwamba unidai mimi. Yeye hana tena cha kulipa. Mzee Sadiki anasema wanakijiji walifukia kilichopatikana cha mwili wake, penye migomba, ng'ambo ya mto, bila maji, bila sanda, nao sina la kuwalaumu. Mimi nipo hai, nina mikono. Sema neno tu, nitafunga kifurushi nije. Nitakupikia, nitakufulia, nitakukanda mgongo kila alfajiri mpaka mmoja wetu atangulie. Jirani zako wakinitemea mate nitajifuta. Nitalala katika chumba cha Rukia au nje ya mlango wa chumba hicho, utakavyopanga wewe. Na kama hutaki kuniona kabisa, basi nidai nikiwa hukuhuku, siku ya Kiyama unishike nguo mimi, na nitasimama nikungoje, sitakimbia. Ila yeye mwachie apite.

Mimi sikuwa na maziwa, dada. Hiyo ndiyo habari yote. Ningekuwa nayo, leo yeye angekuwa na deni langu peke yangu, na mimi ningekuwa nimeshamsamehe zamani, kabla hata hajaomba. Lakini Mungu aliyaweka kwako, na ukaja nayo umeyavusha ziwa zima, hukuuliza utalipwa nini. Ndiyo maana siwezi kukuamrisha. Naweza kuomba tu.

Kama moyo wako umekubali, sema mbele ya hao wanaokusikilizia barua hii, ili wawe mashahidi, kisha uandikiwe. Kama umekataa, andika umekataa, usiniache nikitazama kila lori linalotoka Masaka. Sitakukasirikia. Nitakuandikia tena.

Nisalimie makaburi ya huko, na la Rukia ulipitishie mkono kwa niaba yangu. Jibu mpe dereva yeyote anayekuja Kampala, aulize Nateete kwa Mama Twaha, hata lisipokuwepo duka watamwonyesha nilipo. Tafadhali, dada, nijibu upesi.

Wassalaam,

Mimi mdogo wako, uliyeninyonyeshea.